Mchezo wa Kadundu na Mimi Chini ya Jukwaa

Vijana wa kikundi chetu cha maigizo waliniaga kwa saa ya ukutani. Ni saa nzuri, inapiga kengele kila nusu saa, ili nisisahau kwamba sina tena mahali pa kuwahi. Baada ya hotuba waliniomba niandike jinsi kazi yangu ilivyoanza, kwa sababu wao wamekuta maikrofoni na taa za umeme. Nitaandika. Lakini msitafute humu siku niliyopandishwa cheo. Katika kazi yangu cheo kilikuwa kimoja tu, cha chini kabisa, na huko chini ndiko nilikokaa zaidi ya miaka thelathini.

Kwa wasioijua kazi yenyewe: unakaa ndani ya sanduku lililozamishwa mbele ya jukwaa, macho yako yakiwa sawa na vidole vya miguu ya wachezaji. Watu wa ukumbini hawakuoni, wanaona mgongo wa sanduku. Unashika daftari lenye maneno yote ya mchezo, na mchezaji akisahau unamnong'onezea. Ukifanya vizuri, hakuna anayejua kama upo. Ukikosea, ukumbi mzima unakujua. Wazungu walimwita mtu huyo souffleur, sisi tukasema sufleri, na majirani zangu wa mtaa wa Kadutu walisema "ule mwanamuke wa mu shimo".

Niliingia kwenye hilo shimo katika miaka ya mwisho ya Wabelgiji. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, nimeolewa na Mathias, dereva wa shamba moja huko Miti, ambaye alikuja nyumbani Jumamosi na kuondoka Jumatatu alfajiri. Nilikuwa na cherehani, na masista walikuwa wamenifundisha kusoma. Siku moja akaja Moniteri Gervais, mwalimu wa shule ya watoto, mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi sikio la kushoto. Alileta kitambaa cheupe, akataka koti la mifuko minne. Nikamuuliza koti ni la nani.

"La Papa Kadundu," akasema.

Nikamwambia Papa Kadundu ana fundi wake.

"Sisemi ule wa kweli. Nasema ule wa kwangu."

Ndivyo nilivyojua kwamba Moniteri Gervais ameandika mchezo juu ya mtu aliye hai, tena mtu anayekaa mitaa mitatu kutoka kwetu.

Papa Anselme Kadundu hakuna aliyekuwa hamjui. Alizaliwa kwenye milima ya Luhwindja, akaanza kwa kuosha sahani za mzungu wa machimbo ya dhahabu, akafanywa kapita wa kusimamia wachimbaji, akatoka huko na baiskeli. Alifika Kadutu akafungua duka, kisha akapata kamyo mbili za kubebea mizigo, kisha akawa mtu wa kwenda ofisi ya serikali kusema kwa niaba ya wengine. Nusu ya mtaa walimpenda mno. Walisimulia jinsi alivyoingia kwa Bwana wa ofisi na kofia kichwani, akakataa kuivua mpaka mzungu naye alipovua ya kwake. Nusu nyingine walisema kofia hiyo aliinunua kwa migongo ya watu wa Luhwindja. Nimeona kwa macho yangu wanawake wawili wakigombana juu yake kwenye bomba la maji, mmoja akampiga mwenzake kwa beseni, na beseni ndilo lililoumia.

Mwaka huo Kadundu alikuwa amejitokeza kuchaguliwa mshauri wa mtaa. Ilikuwa mara ya kwanza wanaume wetu kuulizwa wanamtaka nani. Wanaume, nasema. Sisi wanawake maoni yetu tuliwapa waume zetu, nao wakayabeba kadiri walivyoyakumbuka.

Wachezaji walifanyia mazoezi uani kwangu, kwa kuwa koti lilihitaji kupimwa kila mara na uwanja wangu ulikuwa na ukuta. Mimi nilishona, wao walisahau maneno. Baada ya wiki mbili nilikuwa nayajua yote, na bila kuinua uso kwenye cherehani nilikuwa nikiwarudishia. Moniteri Gervais alikuwa tayari ameomba wanaume watatu kuwa sufleri, na wote watatu walikataa. Mmoja, karani wa posta, alisema hawezi kukaa chini ya miguu ya fundi wa mbao. Fundi wa mbao huyo alikuwa Déo, aliyecheza Kadundu, mtu mkubwa wa mabega na mwoga wa maneno marefu. Basi Moniteri akaniuliza mimi. Mathias alipokuja Jumamosi nilimweleza. Alifikiri wakati anakula sambaza, samaki wake wadogo wa ziwani, akauliza swali moja tu: kama kuna mwanamume mwingine ndani ya sanduku. Nikamwambia sanduku linatosha mtu mmoja asiyeshiba. Akakubali.

Aliyenifundisha kazi hakuwa sufleri hata siku moja. Papa Léonard alikuwa amefagia kwa miaka tisa ukumbi wa michezo wa wazungu, kule mjini, na kila walipofanya mazoezi yeye alifagia polepole. Alijua kila kitu. Ndiye aliyetengeneza sanduku langu kwa mbao za makasha ya majani ya chai, akalipaka rangi nyeusi ndani, kwa sababu, alisema, uso wa mtu ukimulikwa kutoka chini unatisha watoto. Alinionyesha pa kuweka taa: kushoto, chini ya daftari, na kipande cha kopo kikizuia mwanga upande wa watu. Alinionyesha jinsi ya kufungua ukurasa kabla haujaisha, ili usipige kelele katikati ya maneno ya huzuni.

Siku ya kwanza ndani ya sanduku nilifanya vibaya kabisa. Déo alisahau, nami nikampa sentensi nzima kwa sauti ya mtu anayeita mbuzi. Déo, kwa heshima, akainama akanijibu, "Asante, Maman Nsimire." Kwenye benchi walikuwa wamekaa wake za wachezaji, wakacheka mpaka mmoja akatoka nje. Papa Léonard hakucheka. Alichuchumaa kando ya sanduku akaniambia kwamba mtu aliyesahau ni kama mtu aliyeteleza, humubebi, unamupa kidole tu. Neno la kwanza, basi. Na usimwangalie usoni, mwangalie miguu. Mtu anayekaribia kusahau vidole vyake vinajikunja ndani ya viatu. Nilidhani ananitania. Wiki ile ile niliona viatu vya Déo vikijikunja, nikampa neno kabla hajajua kwamba analihitaji, naye akaendelea kama maji. Nilifurahi siku hiyo kuliko siku nilipomaliza kushona nguo yangu ya ndoa.

Kabla ya mchezo, daftari lilipaswa kupita ofisini. Bwana wa ofisi alikaa nalo siku kumi. Liliporudi, matusi yote juu ya Kadundu yalikuwa salama: uchoyo wake, majivuno yake, na wimbo wa kumcheka. Penseli nyekundu ilikuwa imekata ukurasa mmoja tu. Ni ule wa machimboni, ambapo mzungu ameagiza mchimbaji apigwe fimbo kumi kwa kuficha punje ya dhahabu, na Kadundu, kapita kijana, anasimama kuhesabu. Zikifika kumi anasema: "Bwana amesema kumi. Mimi nasema ongeza tano." Moyo wa mchezo wote ulikuwa hapo. Moniteri Gervais alikuwa ameusikia mkasa huo kwa mjomba wake aliyefanya kazi kule. Bwana wa ofisi hakujali tano za Kadundu. Zile kumi ndizo zilizomchoma.

Moniteri alivua miwani akaisafisha kwa muda mrefu. Alikuwa na kazi ya serikali na watoto wanne. Akasema tutaruka ukurasa huo: Kadundu atatoka upande wa kulia akiwa kapita, ataingia upande wa kushoto na baiskeli, na watu watajaza wenyewe. Nikaufunga ukurasa kwa pini mbili za kushonea.

Habari zikamfikia Kadundu wa kweli. Tulingoja vijana wake waje kuvunja benchi. Badala yake alituma mtu kuomba viti vya mstari wa mbele, cha kwake na cha mke wake. Déo alipoambiwa alikaa chini juu ya ubao aliokuwa anaupiga randa.

Ilikuwa Jumapili saa tisa mchana, katika ukumbi wa paroisse, parokia yetu. Padri alikuwa ametupa ukumbi kwa masharti kwamba hakuna pombe na hakuna kukumbatiana. Watu walijaa mpaka madirishani. Mimi nikiwa ndani ya sanduku, mgongo wangu kwa watu, sikuona chochote nyuma yangu. Lakini nilisikia viti vya mbele vikivutwa, kisha ukumbi ukanyamaza, nikajua amekaa. Alikuwa karibu nami kuliko mtu yeyote. Nilisikia harufu ya sabuni yake.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Sahani zilioshwa, moja ikavunjika bila kupangwa, watu wakacheka, na nilisikia kicheko kimoja kizito nyuma ya shingo yangu. Déo akawa kapita. Akavaa kofia. Akafika pale pa kutoka upande wa kulia.

Hakutoka. Alisimama katikati ya jukwaa, na viatu vyake vikajikunja. Baadaye alinieleza kwamba alikuwa amezoea ule mchezo wa kwanza uani kwangu, na mguu wake ulikataa kujua mabadiliko. Alisimama mdomo wazi, akiangalia sanduku. Kutoka pembeni Moniteri Gervais alimpungia mkono atoke, lakini Déo hakumwona. Alinitazama mimi tu.

Watu wameniambia baadaye kwamba nilikuwa na ujasiri. Sikuwa na ujasiri. Nilijua kabisa kwamba nikimwambia "toka" atatoka. Nilijua pia kwamba ofisi ina mtu wake ukumbini, na kwamba dereva wa Miti anaweza kufukuzwa kwa ajili ya mkewe. Lakini ukurasa ule nilikuwa nimeunakili kwa mkono wangu mara sita, na Déo alikuwa anauliza neno linalofuata. Neno linalofuata lilikuwa chini ya pini. Nikazing'oa, nikajichoma kidole, nikampa: "Leteni."

"Leteni ule mutu," Déo akasema, kwa sauti ambayo hajawahi kuwa nayo uani kwangu.

Zakaria, fundi viatu aliyecheza mchimbaji, alikuwa pembeni anakula karanga. Akazitema, akaingia mbio, akajilaza kifudifudi. Fimbo zikahesabiwa kwa kupiga gunia la maharagwe nyuma ya pazia. Zikafika kumi.

"Bwana amesema kumi," Déo akasema. "Mimi nasema ongeza tano."

Hapo kiti nyuma yangu kikalia. Nikasikia Papa Kadundu akisimama, na kwa utulivu, kama mtu anayesahihisha jina lake kwenye karatasi, akasema:

"Sikusema vile. Nilisema: inatosha."

Jamani, katika daftari langu neno hilo halikuwemo. Nilitafuta, kwa upumbavu wa mazoea, nikaendesha kidole mpaka chini ya ukurasa. Déo aliangalia sanduku, akaona sina kitu cha kumpa. Akamwangalia yule mtu wa mstari wa mbele aliyevaa koti kama lake na kofia kama yake. Kisha akainua mkono na kusema, "Inatosha." Zakaria akainuka. Na ukumbi ukalipuka kwa makofi, na kelele, na wimbo wa kumsifu Kadundu ambao haukuwa kwenye mchezo.

Kesho yake tuliitwa ofisini, Moniteri na mimi. Nilikuwa nimevaa kikwembe changu kizuri cha kitenge, kwa kufikiri kwamba kama ni kufungwa, nifungwe nikiwa nimependeza. Tukakuta Papa Kadundu ametangulia, anatoka mlangoni, kofia kichwani. Alikuwa amemweleza Bwana wa ofisi kwamba yeye mwenyewe aliomba ukurasa ule uchezwe, kwa kuwa ni sifa yake mbele ya wapiga kura. Bwana wa ofisi alituambia maneno makali kidogo, akaongeza kwamba tuache neno "Bwana" na tuseme tu kumi, na akatuonyesha mlango.

Kwa hiyo tuliokolewa na mtu tuliyekuwa tumetaka kumwaibisha. Mimi nilishukuru. Moniteri Gervais hakula siku mbili.

"Ameniibia mchezo," aliniambia. "Mwaka mzima naandika, yeye anasimama mara moja, na mchezo umekuwa wake."

Nilimuuliza kama ana hakika na zile tano. Akasema mjomba wake hawezi kusema uongo. Nikamuuliza kama mjomba alikuwepo. Akasema mjomba alikuwa karibu. Nikamuuliza karibu vipi. Akaniambia nishone.

Kadundu hakuishia hapo. Alitupa kamyo yake moja, na dereva, tuzunguke na mchezo, akiomba tu kwamba neno lake la "inatosha" libaki. Moniteri alikataa asubuhi na kukubali jioni, baada ya kufikiria milima. Tukapakia sanduku langu, pazia na baiskeli. Kule Miti mvua ilipiga bati kiasi kwamba niliacha kunong'ona nikawa napiga kelele, na hakuna aliyesikia tofauti. Luberizi, huko bondeni kwenye mpunga, tulicheza nje, sanduku likawekwa ndani ya mtaro, na katikati ya mchezo chura alinipanda gotini. Sikusogea. Nataka wenzangu wa leo wanaolalamika juu ya nyaya zao walijue hilo. Kila tulipofika, Déo aliinua mkono akasema inatosha, watu wakashangilia, na Moniteri akageuza uso.

Mwisho tukafika Luhwindja. Moniteri alikuwa ametaka tufike huko tangu mwanzo, ingawa hakusema kwa nini. Tulicheza mchana, mbele ya kanisa, na watu walitazama kwa namna nyingine kabisa. Hawakushangilia "inatosha". Waliangaliana.

Baada ya mchezo, nilipokuwa nafunga daftari, mzee mmoja mrefu mwenye mgongo ulionyooka alikuja akasimama kando ya sanduku. Aliniamkia vizuri, akauliza kama maneno yote yametoka humo. Nikasema ndiyo. Akaniomba nimsomee ukurasa wa fimbo. Nikamsomea. Moniteri Gervais alikuwa amekaribia, na nilipomaliza alimuuliza mzee jina lake.

"Balola," akasema. "Ni miye nilikuwa mule chini."

Zakaria, aliyekuwa anavaa shati, alisimama na mkono mmoja nje ya shati. Papa Balola alimgeukia kwanza yeye, akamwambia kwa upole kwamba amecheza vizuri ila analia sana, yeye hakulia vile. Zakaria akaomba msamaha. Kisha Moniteri akauliza lile alilokuja kuuliza. Alisema nini Kadundu? Ongeza tano, au inatosha?

Papa Balola alicheka, kicheko cha mtu ambaye hajaulizwa kwa muda mrefu.

"Alisema yote mbili," akasema. "Kwanza alisema ongeza tano. Banipiga tatu mu ile tano. Halafu akasema inatosha. Ile mbili yeye alibakia nayo."

Moniteri akamuuliza kwa nini alibadili neno.

"Sijui, mwalimu. Nilikuwa nimelala kifudifudi. Sikuona uso wake."

Hakutaka kitu kingine. Alisema tu kwamba kama tunaandika, tuandike yote. Akatuletea ndizi za kuchoma na chupa ya kasiksi, pombe ya ndizi ambayo padri wetu hakuwepo kuikataza, na akamfundisha Zakaria jinsi mtu anavyolala kweli akiwa ameuma meno. Njiani kurudi Moniteri Gervais aliandika juu ya goti lake, kamyo ikiruka, na mistari yake ilipanda na kushuka kama barabara yenyewe. Alikuwa amefurahi. Nilidhani ni kwa sababu mjomba wake hakusema uongo. Akaniambia hapana, ni kwa sababu sasa ana mtu, kabla alikuwa na kofia tu.

Lakini kamyo ilikuwa ya Kadundu, na wapiga kura wangeitwa baada ya wiki mbili, na tulikuwa tumetangaza kucheza tena Kadutu. Ilibidi mtu amwambie. Wanaume wakakubaliana haraka kwamba niende mimi, kwani hawezi kumpiga mwanamke. Nikawauliza kama wana hakika. Wakasema karibu.

Nilimkuta dukani kwake, anapimia mteja kitambaa, mikono imefunguka kama anataka kuruka. Nikangoja mteja aondoke. Nikamweleza yote, kama nilivyosikia, bila kupunguza. Aliendelea kukunja kitambaa wakati wote nikisema, akakikunja vibaya, akakikunjua, akakikunja tena.

"Balola iko muzima?" akauliza.

Nikasema ni mzima, na mgongo wake umenyooka.

"Alisema tatu?"

"Tatu, papa."

Akakaa kwenye kiti cha wateja. Alivua kofia, akaiweka juu ya magoti, na nikaona kwa mara ya kwanza kwamba ana upara.

"Mi nilifikiri ni moja," akasema. Kisha, "Chezeni vile alisema."

Nikamuuliza, kwa kuwa ni tabia yangu kuuliza mpaka neno la mwisho, kama ana hakika, kwa sababu ya kura. Akaniambia kwamba kura ni za wale wanaokaa Kadutu, na Balola hakai Kadutu. Sikuelewa kama hilo lilikuwa jibu. Mpaka leo sijaelewa vizuri.

Jumapili ile ukumbi ulijaa hata kuliko mara ya kwanza. Habari zilikuwa zimetangulia kwamba kuna neno jipya. Kadundu alikaa kiti kile kile. Nilisikia sabuni ile ile. Sahani zikaoshwa. Déo akawa kapita, akavaa kofia, na safari hii hakusahau kitu. Zakaria alilala kifudifudi kama alivyofundishwa, bila sauti, na ukimya wake ulikuwa mgumu kuuvumilia kuliko kilio. Gunia likapigwa kumi.

"Mi nasema ongeza tano," Déo akasema.

Nyuma yangu watu waliguna. Mwanamke mmoja akasema kwa nguvu kwamba alijua tangu zamani. Kadundu hakusimama. Gunia likapigwa mara moja. Mara mbili. Mara tatu.

Hapo Déo alipaswa kuinua mkono. Hakuuinua upesi. Aliangalia mgongo wa Zakaria. Niliangalia viatu vyake: vilikuwa vimelala vizuri, vidole vimenyooka. Hakuwa amesahau. Alikuwa anachelewa kwa kusudi, kama mchezaji mzuri, na mimi nilifunga mdomo wangu nikangoja. Aligeuka mchezaji mzuri sana siku ile, Déo, na mtaa mzima ulimngojea.

Na ndipo neno likasikika nyuma ya shingo yangu, chini kabisa, kwa pumzi tu, sauti isiyofika hata mstari wa pili: "Inatosha."

Déo akainua mkono, akalisema.

Makofi yalichelewa siku hiyo. Yalianza nyuma, polepole, yakaja mbele, na hayakuwa na wimbo. Wiki iliyofuata Kadundu alichaguliwa, kwa kura chache kuliko alizotarajia na nyingi kuliko alizotabiriwa, na mwezi uliofuata kamyo yake ilionekana ikielekea Luhwindja naye amekaa mbele. Dereva alisema wazee wale wawili walikunywa kasiksi na kubishana mpaka jua likaelekea kuzama. Hakusikia walibishania nini.

Mimi nakumbuka zaidi tulipokuwa tunakunja pazia, watu wametoka. Déo alikuja akachuchumaa mbele ya sanduku, bado amevaa koti langu la mifuko minne, amekasirika kidogo, kama fundi aliyeshikiwa msumeno.

"Maman Nsimire," akasema, "sikukuwa nimesahau. Juu ya nini ulinipa neno?"

Nikamwambia kwamba sikumpa neno lolote.